Ski za yadi seli Lavington, sm 178, kiuno 98: ninunue ama nikodi nikifika Austria?

mtoto_wa_sunken ameuliza:

Habari za jioni wadau. Najua kuna wenye watacheka kwanza, theluji na Nairobi wapi na wapi, chekeni mkimaliza mnisaidie. Iko hivi, Januari naenda Innsbruck kwa binamu yangu anasoma huko, nitakaa karibu mwezi mzima na mpango mkubwa ni kuski mpaka magoti yaombe msamaha. Sasa wikendi iliyopita kulikuwa na yadi seli huku Lavington, familia ya wazungu inarudi kwao wanauza kila kitu, friji, makochi, baiskeli za watoto, na nyuma ya gereji nikaona ski zimeegemezwa ukutani. Pea moja, pamoja na fimbo na buti, wanataka elfu 12 kwa zote. Mwenyewe akaniambia ni ski nzuri sana alikuwa anazitumia milimani kwao, nikampa diposti ya elfu mbili anishikie mpaka Jumamosi.

Maandishi yaliyo juu ya ski ni 178, halafu 130-98-120, halafu R 19. Mimi ni sm 168, kilo 82, kiatu navaa 42. Buti zimeandikwa 29.5, sijui hiyo ni saizi gani kwa hesabu ya hapa kwetu lakini nilijaribu mguu ukaingia bila shida, hata kuna nafasi kidogo, nitavaa soksi mbili nzito basi.

Upande wa ujuzi, kila nikienda kuona sista Dubai lazima nipitie Ski Dubai pale Mall of the Emirates. Nashuka kutoka juu kabisa bila kuanguka, kona napiga miguu ikiwa sambamba, ila pakiinama sana ama watu wakijaa narudi kwa ile V ya kufungua visigino. Pia mimi ni mtu wa roller tangu utotoni, zile za magurudumu ya mstari mmoja, Jumapili mtanipata Sunken Car Park. Kwa hivyo balansi si tatizo.

Hizi ski zinanifaa ama hapana? Na kwa jumla mtu anajuaje ski gani ni yake, maana nimesoma mtandaoni mpaka kichwa kinauma, huyu anasema pima kidevu, huyu paji la uso, mwingine anasema urefu si kitu angalia kiuno.

---

mchokozi_south_b:

Elfu 12 ni mbuzi mzima na makaa juu. Lakini si kazi yangu. Ninachouliza tu ni hivi, hiyo gari utapanda kutoka Lavington na mbao ya mita moja na robo tatu ni gani, matatu utalipia viti vingapi 😂

---

fundi_kayole_tirol:

Mtoto wa Sunken, mimi ni mtu wa Kayole lakini huu msimu wa baridi ni wa kadhaa sasa niko huku Tirol, jimbo la Innsbruck, nafanya kazi kwa duka la kukodisha ski, kwa hivyo hii ndio mkate wangu, ngoja nikuambie kila kitu pole pole na usome mpaka mwisho kabla Jumamosi haijafika.

Jibu fupi: hizo ski si mbaya, ila si zako. Hiyo diposti rudi uiombe kwa upole.

Sasa jibu refu. Zile namba tatu, 130-98-120, ni upana kwa milimita, ya kwanza ni mbele karibu na ncha, ya katikati ni pale chini ya buti ndio watu wanaita kiuno, ya mwisho ni mkia. Kiuno ndicho kinakuambia ski imetengenezewa theluji gani. Chini ya 80 hivi ni ski ya njia zile zinalainishwa na mashine usiku, theluji imeshindiliwa ngumu. Kutoka 80 na kitu mpaka 95 ni ski ya kuchanganya, asubuhi njiani na mchana unatoka kidogo pembeni. Ukifika 95 kwenda juu umeingia kwa watu wanaotafuta theluji laini ambayo haijakanyagwa, na 110 kwenda juu ni ya theluji ya magoti, inaelea. Hiyo 98 mwenyewe aliinunua kwa sababu alikuwa anatoka nje ya njia, na kwa hiyo kazi ni chombo kizuri sana.

Wewe je, utakuwa wapi? Mwezi wa kwanza huku asubuhi njia ni ngumu kama sakafu, kuna mahali ni barafu kabisa. Kukata kona juu ya barafu lazima uilaze ski upande ule wa chuma ushike, na ski ikiwa pana hapo katikati inachukua safari ndefu kulala, halafu ule ukingo wa chuma uko mbali na katikati ya mguu wako kwa hivyo goti linasukumwa upande kila saa. Mtu mzoefu mwenye nguvu anavumilia. Mtu ambaye bado anarudi kwa V anachoka saa tano asubuhi, na uchovu ndio unavunja watu, si mwendo.

R 19 ni radiasi kwa mita. Ski ikiangaliwa kutoka juu imebonyea pande zote mbili, hilo bonde ukilichora liendelee mpaka lifunge duara basi nusu ya kipenyo cha hilo duara ni mita 19. Namba ikiwa ndogo, 12 mpaka 15, ski inataka kona fupi na inaingia yenyewe ukiilaza kidogo tu. Ikiwa kubwa inataka nafasi na mwendo. Zile za wanaume wa mashindano makubwa ya giant slalom ni 30, mtu wa kawaida akipewa hizo atadhani zimeharibika.

Na 178 iko juu ya kichwa chako kwa sm 10. Mambo ya urefu yanachanganya watu kwa sababu wazee walijifunza na ski za zamani zilizonyooka kama rula, ulikuwa unainua mkono juu na ski inafika kifundo cha mkono, mwanaume mzima anateleza na mita mbili na zaidi. Halafu miaka ya 1990 kampuni ya Elan ya Slovenia ikatoa ski inaitwa SCX yenye kiuno chembamba na ncha pana, wengine wakafuata, na ndani ya muda mfupi kila mtu akashuka sm ishirini thelathini. Kwa hivyo ukisikia ushauri wa urefu uliza kwanza huyo mtu alianza mwaka gani. Kwa ski za leo za njiani, anayeanza ni kidevu mpaka pua, wa katikati ni pua mpaka paji la uso, anayekwenda kasi ni usawa wa kichwa na kuzidi. Lakini hiyo ni nusu tu, uzito nao unaongea, maana ski haijui una urefu gani, inachojua ni nani ameikalia. Kilo 82 kwa sm 168 wewe si mwepesi, usikubali upewe ile laini kabisa ya mwanafunzi wa kwanza, ukiongeza mwendo itakuwa inatetemeka ncha.

Dukani kwetu mtu akisema yeye ni wa katikati sijapata chochote, kila mtu ni wa katikati, hata yule amevaa buti mguu wa kushoto kulia. Swali langu huwa moja, ukifika mahali pameinama kuliko ulivyotarajia miguu yako inafanya nini? Wewe ushajibu bila kuulizwa: unarudi V. Hiyo sentensi yako moja ndio imechagua ski, si hayo mengine. Mtu wa hivyo namwekea kiuno 70 mpaka 78, urefu 155 mpaka 160, radiasi 13 mpaka 15, ugumu wa wastani. Utaona kitu kikigeuka kabla hujakiamuru.

Buti nitarudi kuandika, kuna mteja.

---

baba_zawadi_utawala:

Samahani fundi mimi nitakupinga kidogo. Huyu kijana amepata kitu kamili kwa elfu 12, kukodi huko Ulaya si euro thelathini kwa siku na zaidi? Zidisha hiyo mwezi mzima uone. Na ndugu yangu yuko Calgary, hawa wote wa huko wanateleza na hizo pana za 95, 100, anasema zinampa utulivu. Ujuzi si unakuja na kuzoea? Anunue leo ajifunzie juu yake, baada ya mwaka atakuwa amezifikia. Kwani mtoto ukimnunulia kiatu si unaongeza saizi moja.

---

fundi_kayole_tirol:

Baba Zawadi heshima yako mzee wangu. Ndugu yako wa Calgary anasema ukweli, na sababu ni theluji yake. Milima ya magharibi ya Kanada inapata theluji kavu nyepesi, na maeneo mengi ndani ya kituo hayapitiwi na mashine lakini bado yanaruhusiwa na yanalindwa, kwa hivyo mtu wa kawaida anajikuta kwenye theluji laini kila wiki. Huku kwetu wengi wanashinda njiani. Ndio maana ushauri wa Wamarekani na wa Waaustria hauwezi kufanana, na ndio maana kichwa cha huyu kijana kinauma, anasoma watu wa milima miwili tofauti akidhani wanabishana.

Kuhusu kuzifikia baadaye, hapo nakataa kabisa. Ski ngumu na ndefu inamfundisha mtu kuiogopa. Anakaa nyuma, mgongo unarudi, uzito unaenda mkiani, na ukiwa mkiani ncha haishiki, sasa hata kona haipo anasukuma visigino tu kama anafagia. Nawaona kila wiki, watu wamekuja na ski za shemeji.

Na hesabu ya pesa si elfu 12. Ndege nyingi zinataka ulipie mzigo wa ski ama zihesabiwe kama sanduku lako moja, kwenda na kurudi. Ukifika lazima baindingi, vile vifaa vinavyofunga buti kwa ski, zirekebishwe zishike buti yako, na hapo kuna mtego. Watengenezaji huwa na orodha ya baindingi ambazo bado wanazisimamia kisheria, ya zamani ikitoka kwa orodha fundi mwenye akili haigusi, hata umpe nini. Kwa hivyo unaweza kubeba ski kutoka Lavington mpaka hapa kaunta kwangu nikakuambia pole.

Ukikodi kwa wiki, bei ya kila siku inashuka kuliko kukodi siku moja moja. Na maduka mengi ukikodi unaruhusiwa kubadilisha ndani ya huo muda, asubuhi hii ukaona ni fupi, kesho unachukua ndefu. Kwa mtu ambaye bado anajijua hiyo ndio faida kubwa, unajaribu kiuno 72, unajaribu 84, mwisho wa mwezi unanunua ukijua.

---

mtoto_wa_sunken:

Eh. Sawa nimeanza kuelewa. Lakini fundi, hiyo roller yangu haihesabiki kabisa? Maana kwa magurudumu nashuka barabara za Lower Kabete bila wasiwasi (mama asione hii).

Na pia mwenye ski akasema zina roka, nikaitikia tu kama najua.

---

fundi_kayole_tirol:

Inahesabika sana. Mtu wa roller ya mstari mmoja anajua tayari kulaza vifundo na magoti ndani ya kona na kuangalia anakoenda, wengine tunawafundisha hiyo wiki nzima. Tofauti iko kwa kupunguza mwendo. Kwa roller unaburuta mguu wa nyuma ama unageuka ghafla. Kwa ski unapunguza kwa kumalizia kona mpaka ncha zielekee juu kidogo mlimani, mlima ndio breki. Na uzito unakaa mbele, muundi wa mguu unasukuma ulimi wa buti muda wote, hapo watu wa roller hupigana nao siku mbili tatu. Ukishika hivyo viwili utapanda haraka, ndio sababu nyingine sitaki ukae kwa ski ya kukuogopesha.

Roka na kemba unaangalia kwa macho, si lazima uambiwe. Chukua hizo ski mbili, zibananishe tumbo kwa tumbo zikiwa zimesimama. Ukiona katikati kuna mwanya na zinagusana huku mbele na huku nyuma, hiyo ni kemba, ni upinde, ukizisimamia unanyooka na kusukuma kingo za chuma chini ziume theluji. Sasa tafuta pale zinapogusana mbele. Kama ni karibu kabisa na ncha, ni ski ya kushika njia ngumu. Kama zinaachana mapema, sm 20 ama 30 kabla ya ncha, hiyo ndio roka, sehemu ya mbele imeinuka kama mtumbwi. Inaelea kwa theluji laini na inageuka kirahisi kwa sababu chuma kinachogusa chini ni kifupi kuliko urefu ulioandikwa. Kwa hivyo nikuwe mkweli, 178 yenye roka kubwa inajisikia kama 168 hivi ikiwa njiani, mwenye nazo hakukudanganya akisema ni rahisi. Bado ni pana.

Ukiwa hapo geuza pia upitishe kucha kwa ule ukingo wa chuma, kwa kuupinga si kwa kuufuata. Ukikwaruza unga mweupe wa kucha, ni mkali. Ukiteleza tu ni butu, inanolewa hiyo si shida. Shida ni ukiona ufa ama chuma kimeachana na mwili wa ski, ama tumbo limechimbika mpaka ukaona mbao. Maji yakiingia hapo mbao inaoza.

---

chemu_wa_lillehammer:

Hamjambo. Mimi nitatoka nje kidogo ya mada, mtanisamehe. Niko Norway, nimeolewa huku, na hakuna mtu amemwambia huyu kijana kwamba kuna ski za aina ya pili kabisa, za kutembea na kukimbia, kisigino kinainuka. Wakenya wa kwanza kujulikana kwa theluji walikuwa wa hizi jamani. Philip Boit alikuwa mwanariadha wa mbio kabla ya kupelekwa Finland kufundishwa, akaenda Olimpiki za Nagano 1998 kilomita 10, akamaliza wa mwisho, nambari 92, na mshindi Bjørn Dæhlie akakataa kuondoka pale mwisho mpaka Boit afike amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Huku wazee wakisikia natoka Kenya bado wananiambia hiyo hadithi kana kwamba sikuwahi kuisikia, nami naitikia tu, ni wakwe.

Kwa ski zetu kuchagua ni uzito, uzito, uzito. Urefu ni kichwa chako ukiongeza sm 20 hivi mpaka 30 kwa staili ya klasiki, za kupiga hatua za kuskeiti zinakuwa fupi kidogo. Lakini kipimo chenyewe ni karatasi. Unaweka ski zote mbili juu ya sakafu iliyonyooka, unasimama juu yake uzito sawa miguu yote, mtu anaingiza karatasi chini ya mguu. Inatakiwa itembee, kwa sababu pale katikati kuna sehemu ya kukamata ambayo haifai kugusa theluji ukiwa unateleza. Halafu unahamisha uzito wote mguu mmoja. Karatasi inatakiwa inaswe kabisa isivutike. Isiponaswa, ski ni ngumu kwako na kupanda kilima utakuwa unarudi nyuma. Ikinaswa hata ukisimama na miguu yote miwili, ni laini, itakuvuta kama breki safari nzima.

Mdogo wangu kama unakimbia asubuhi na pumzi unayo, jaribu hata siku moja ukiwa Tirol, Seefeld hapo karibu na Innsbruck ndiko mashindano ya hizi yalifanyika Olimpiki za 1964 na 1976. Kukodi ni bei ya chini na huhitaji kulipia lifti.

---

mchokozi_south_b:

Kumbe 1998 nilikuwa nacheka bure. Na yule dada wa kuteremka, Simader?

---

chemu_wa_lillehammer:

Huyo ni Sabrina Simader, alizaliwa Kenya akakulia Austria, alituwakilisha Olimpiki za PyeongChang 2018. Yeye ni wa mlima, ski za fundi, si zangu.

---

fundi_kayole_tirol:

Nimerudi kwa buti, na hapa ndipo ningetaka kila mtu asome kwa makini kuliko huko juu kote. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu nunua buti, ski endelea kukodi. Ski mbaya na buti nzuri utashuka. Buti mbaya hata upewe ski ya bingwa wa dunia utalia.

29.5 ni sentimita, urefu wa mguu. Kiatu 42 ni mguu wa 26.5 ama 27. Kwa hivyo hizo buti zinakuzidi karibu sentimita tatu, ndio maana ziliingia bila shida. Buti ya ski isiyo na shida dukani ni buti ya mtu mwingine. Simama kisigino ukutani, weka rula, pima mpaka kidole kirefu, hiyo namba ndio saizi yako. Ukivaa ukasimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma vinaachia. Kuhakikisha zaidi toa ile buti laini ya ndani, ingiza mguu kwa ganda tupu, sukuma vidole viguse mbele, halafu angalia nyuma ya kisigino. Vidole vyako viwili vya mkono vikiingia hapo ni sawa. Mkono mzima ukiingia, na kwa hiyo 29.5 utaingia, mguu utakuwa unaogelea ndani na unapogeuza mguu buti haisikii, na usipoisikia unakaza vifungo, na ukikaza damu haipiti, baridi inakula vidole.

Na tafadhali soksi mbili sahau. Soksi moja nyembamba ndefu mpaka chini ya goti. Mbili zinakunjana ndani, zinatengeneza malengelenge na jasho, na mguu wenye jasho ndio unaganda.

Ugumu wa buti umeandikwa pia, 70, 80, 100, 120. Si kipimo sawa kila kampuni lakini kwa kilo zako na ujuzi wako 80 mpaka 100 inatosha. Halafu plastiki inazeeka hata ikikaa gereji bila kutumika. Nimewahi kuona mtu anapiga kifungo cha mwisho buti ikapasuka pale pale kwa sakafu yetu, nje alikuwa bado hajafika, bora ilipasukia ndani.

---

msafiri_wa_rongai:

Ya nguo niachieni mimi. Usinunue jaketi la ski jipya, tafadhali. Nenda Gikomba ama Toi asubuhi bale zikifunguliwa, kuna jaketi na suruali za ski kibao ambazo watu wa hapa hawazitaki kwa sababu ya joto, utatoka na seti nzima kwa pesa kidogo sana. Angalia zipu, angalia kile kitambaa cha elastiki ndani ya mguu wa suruali kinachofunika buti kama hakijachoka, na mwaga maji kidogo uone kama yanateleza ama yanaingia. Glovu nunua nzuri, hizo usibane pesa. Helmeti kodi huko huko, ya mtumba hujui ilianguka na nani.

Na kama unataka mazoezi kabla ya Ulaya siku nyingine, kuna Afriski kule Lesotho, iko juu ya mita 3,000, msimu wake ni Juni mpaka Agosti wakati sisi huku tunavaa masweta tu. Mteremko ni wa kilomita moja hivi. Ski Dubai ule mrefu kabisa ni mita 400, kwa hivyo usishangae ukifika Austria njia moja ni kilomita tano na mapaja yanawaka moto katikati. Dubai hujawahi kuchoka kwa sababu ilikuwa inaisha kabla hujachoka.

---

baba_zawadi_utawala:

Nimesoma hiyo ya buti nimenyamaza. Swali moja fundi, hiyo baindingi inafunguka na nini mtu akianguka? Mke wangu anauliza, amesikia habari ya watu kuvunjika miguu.

---

fundi_kayole_tirol:

Mwambie mama Zawadi ni springi. Mbele inaachia mguu ukijipinda upande, nyuma inaachia ukianguka kwa mbele. Kuna namba kwa kidirisha, watu wanaiita din, na fundi anaiweka kwa jedwali: uzito, urefu wa mtu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na anavyoteleza, taratibu, wastani ama kwa fujo. Uzito na urefu vikiangukia mistari tofauti unachukua ule wa chini. Ukishapita miaka 50 unashushwa mstari mmoja tena. Inachobaki ni mteja kusema ukweli. Wanaume wanaongeza ujuzi, wanawake wanapunguza kilo, na wote wawili springi inawalipa: ya kwanza inakataa kufunguka goti likigeuka, ya pili inafunguka katikati ya kona bila sababu. Kwa hivyo wewe mtoto wa Sunken ukifika kaunta sema kilo 82, na ukiwa umekula krismasi sema 85, na sema taratibu mpaka wastani.

Njia za huku rahisi ni buluu, kisha nyekundu, kisha nyeusi. Buluu haitakiwi kuzidi mwinamo wa asilimia 25, nyekundu 40, ukiacha vipande vifupi. Binamu akikuambia twende Nordkette siku ya kwanza kwa sababu lifti inaanzia mjini kabisa, kataa, pale ni wima. Anza Muttereralm ama Patscherkofel, ukishazoea nenda Stubai kwenye barafu ya juu, njia ni pana unapumua.

---

mtoto_wa_sunken:

Wadau nimetoka Lavington sai. Nimezibananisha tumbo kwa tumbo vile fundi alisema, zinaachana mapema sana mbele na nyuma pia, yaani roka ya kweli. Kucha ikatoa unga. Nikaingiza mkono nyuma ya kisigino kwa lile ganda, umeingia wote mpaka saa 😂 Mwenyewe akacheka akasema yeye ni 45 na kilo 95, na alikuwa anateleza msituni nje ya njia, kumbe alikuwa ananiuzia kwa roho safi tu hakujua mimi nitaenda wapi. Diposti amerudisha bila maneno. Sasa amesema kama nataka fimbo peke yake nimpe mia tano, zimeandikwa 125. Hizo nazo zina hesabu?

---

fundi_kayole_tirol:

Zina. Igeuze juu chini, shika chini ya kile kikapu, ncha ikiangalia juu, kiwiko kikae pembe ya mraba. Kwa sm 168 wewe ni 115 ama 120. Hizo zimezidi kidogo, lakini kama ni aluminiamu mpini unatoka ukiupasha maji moto, unakata sentimita tano hivi na msumeno wa chuma, unarudisha mpini. Kama ni kaboni usikate nyumbani. Ila fimbo huku tunakupa bure ukikodi ski.

---

mchokozi_south_b:

Mia tano nitazichukua mimi basi, kuna mbwa wa jirani.